Usimfiche mwenzako notsi

(Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wapya wa udaktari mwanzo wa mwaka wa masomo, hapa Unguja. Watu wengi waliniomba niyaandike wapate kuwatumia wenzao ambao hawakuwahi kufika, kwa hiyo nimeyaweka karibu kama nlivoyasema.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waalimu wetu, shikamooni. Wadogo zangu, karibuni. Na wazazi mliowaleta watoto, naona wengine mabegi bado mnayo miguuni, mmeshuka na boti kutoka Pemba na mkaja moja kwa moja mpaka hapa, poleni na safari na Mungu akulipeni.

Mie niko mwaka wa mwisho. Nimeambiwa nizungumze kuhusu kusoma, yaani vipi mtu anausoma udaktari na akatoka mzima, na kwa kweli nna jambo moja tu ambalo nataka mlishike, mengine yote ntakayosema yanatokana na hilo hilo. Ukiwa na notsi nzuri mpe mwenzako. Mpe bila ya kusubiri akuombe, mpe hata yule ambae humpendi, mpe hata yule unaemuona anakuja lekcha kwa nadra na unajiambia huyu hastahiki.

Najua kuna watu hapa hili halijawaingia, na nawafahamu kwa nini. Nyote mliokaa humu mlikuwa wa kwanza au wa pili skuli kwenu. Form Six mlisoma huku mnatizamana, nafasi za vyuo chache, mikopo ina masharti yake, na mtu akipata kitabu kizuri cha kemia anakifunika kwa gazeti ili wenzake wasione jina. Sawa. Lakini hapa alama ya kufaulu ishawekwa, haisogei kwa sababu mwenzako kapata themanini. Mkifaulu nyote mmefaulu nyote, hakuna anaepunguziwa. Kwa hiyo ile khofu ya kwamba nikimpa atanipita, khofu ile haina kazi tena, iacheni huko huko mlikoitoa.

Ila hoja yangu hasa siyo alama. Hebu hesabuni pamoja nami, miaka 5 ya chuo, mwaka 1 wa intanshipu, halafu mnatawanyika. Mmoja anapangiwa Abdulla Mzee kule Mkoani, mwengine Micheweni, mwengine Kivunge, mwengine Makunduchi, mwengine anabaki Mnazi Mmoja. Sasa ni saa nane ya usiku, mama yako mzazi presha imempanda, kichwa kinamuuma, anaona kiza, jirani katoa gari wamembeba mpaka hospitali, wewe uko zamu kisiwa chengine na huna boti mpaka asubuhi. Na daktari aliyeko pale usiku ule ni yule mwenzako mliyekuwa mnakaa benchi moja mwaka wa pili, akakuomba notsi za famakolojia, elimu ya dawa, na wewe ukamwambia bado sijamaliza kuziandika na huku umeshazimaliza. Mama yako hatomuuliza yule daktari ulipata ngapi kwenye dawa za presha. Atajilaza tu kitandani na atampa mkono wake. Anachokijua yule mwenzako usiku ule ndicho mama yako atakachokipata, hapana chengine.

Nnapolisema hili huwa nasikia moyo unanienda mbio, kwa sababu siyo mfano wa kutungwa tu, visiwa hivi ni vidogo, sote tutatibiana jamaa zetu. Ukiwa unasoma katika nchi kubwa pengine mwenzako darasani hutomuona tena maishani. Hapa hapana kitu kama hicho.

Haya, sasa notsi zipi za kumpa mwenzako? Mana ukisema toa notsi, mtu atakuletea madesa kurasa mia mbili, kila silaidi ya mwalimu kainakili kama ilivo, na ukiyapima unaona yana uzito lakini hayana kazi. Kunakili siyo kusoma. Mkono unakwenda, akili imelala, na mtu akimaliza anajihisi kafanya kazi kubwa.

Wengi wenu mmepita chuoni, chuo cha Qur'ani nakusudia, kabla ya skuli. Kumbukeni mlivohifadhi. Hukukaa na msahafu ukausoma juzuu nzima mara hamsini kisha ukaondoka. Ulisoma aya chache, ukafunga, ukamwendea maalim ukasikilizwa, ukikwama anakutajia neno moja anakuacha uendelee, kesho unasikilizwa za leo na za jana, na Ijumaa ama siku nyengine kuna muraja'a, yaani kuzirudia, ya za wiki nzima, na mwezi ukiisha unarudishwa nyuma kabisa. Na aliyeacha muraja'a hata kama alikuwa hodari kiasi gani, zilimpotea. Sasa huo ndo mtindo wenyewe, na watu wa elimu ya kumbukumbu wameujia kwa njia yao. Mjerumani mmoja Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885, akaonesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema sana, saa za mwanzo na siku za mwanzo, na baadae kasi inapungua. Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, kule Marekani wakawapa wanafunzi habari fupi ya kusoma, kundi moja likaisoma mara nne, kundi jengine likaisoma mara moja tu kisha likajitahini mara tatu bila ya kuitizama. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojitahini walikumbuka asilimia 61 na wale wa kusomasoma asilimia 40. Na mitihani yetu haiji baada ya dakika tano, wala mgonjwa haji baada ya dakika tano.

Kwa hiyo notsi nzuri ni masuali. Ukitoka lekcha usiandike "seli za damu ni hizi na hizi", andika suali upande mmoja na jawabu upande wa pili, kadi ya karatasi inatosha, kata daftari la zamani. Mwenye simu atumie Anki, programu ya kadi za masuali, iko kwa Android bure na ukishaiweka haihitaji bando kila siku, unaifungua hata ukiwa ndani ya daladala la 505 umebanwa mlangoni, na yenyewe inakurudishia kadi kwa mpango, iliyokushinda inakuja kesho, uliyoijua inakuja wiki ijayo, kisha mwezi ujao.

Na masuali yenyewe muyaandike kwa wagonjwa wa kwetu. Hapa nataka nikae kidogo mana naona ndo penye utamu. Vitabu vyetu karibu vyote vimeandikwa nje na mgonjwa wa ndani ya kitabu anaishi nje, kapata ugonjwa wa nje. Hakuna ubaya, mwili ni mmoja. Lakini wewe andika hivi: mtoto wa kiume wa miaka kumi, anatoka mashamba Pemba, anaoga na kucheza kwenye kijito, mama yake anasema mkojo unamalizikia na damu, unafikiria nini, utapima nini, utatibu na nini? Jawabu ni kichocho, na kichocho cha visiwani kwetu ni kile cha mkojo, Schistosoma haematobium, konokono anaekipitisha ni wa jamii ya Bulinus, mkojo unachujwa na kutizamwa mayai kwa hadubini, dawa ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Ukimaliza umejua parasitolojia, umejua anatomia ya kibofu kwa nini damu inakuja mwisho wa mkojo, umejua famakolojia, na umemjua mtoto ambae inshallah utakutana nae kweli. Kadi moja tu hiyo.

Au hili: kijana wa Mjini, homa siku tatu, kichwa, anatetemeka. Mwanafunzi aliyesoma madesa ya bara atasema malaria na atataja Alu, dawa ya mseto ya malaria. Kwetu malaria imeshuka sana, chini ya asilimia moja ya watu wanaopimwa kwenye tafiti za jamii, kwa hiyo suali la kwanza unalomuuliza ni ulisafiri? Ulikuwa bara lini? Na unampima kwanza kabla hujasema chochote. Na dawa pia, Zanzibar ilipoachana na klorokwini mwaka 2003 ilichukua atesunati pamoja na amodiakwini, bara walipoingia kwenye dawa za mseto baadae wakaenda na Alu. Notsi zilizovuka bahari bila ya mtu kuzisoma kwa makini zinaweza kukukwamisha mbele ya mgonjwa.

Na hapo ndipo nnapotaka kumjibu yule ambae anasema mie sitoi notsi zangu kwa sababu zikiwa na kosa kosa litaenea kwa watu wote. Hili ni suali la haki na nalipenda, kwa sababu linatoka kwa mtu anaejali. Ni kweli dozi iliyoandikwa vibaya mara moja inaweza kupigwa kopi miaka na miaka, kila mwaka inashuka kwa wadogo zenu, na kila anaeipokea anaiamini zaidi kwa sababu imeshakuwa kuukuu. Lakini dawa yake siyo kuficha. Notsi zilizofichwa na kosa lake humo ndani, kosa linabaki na wewe na unakwenda nalo mpaka wodini, hapana aliyeliona. Notsi zilizotoka zinasomwa na macho thelathini. Ila wekeni adabu: kila karatasi iandikwe mwaka, iandikwe imetoka kitabu gani na toleo la ngapi ama mwongozo gani wa Wizara, na dozi zote zitizamwe upya kwenye mwongozo wa sasa kabla hujampa mtu. Na ukikuta kosa kwenye notsi za mwenzako mwambie yeye mwanzo, kwa upole, kisha likatangazwe kwa wote waliozichukua. Asione haya. Kusahihishwa ukiwa mwanafunzi ni neema.

Kuna vitu havikubali kuwa kadi, nakubali. Fundo la mishipa ya fahamu ya mkono, brekio pleksasi, hilo usihangaike nalo kwa kadi, lichore. Mizizi mitano kutoka C5 mpaka T1, vigogo vitatu, migawanyiko sita, kamba tatu, matawi makubwa matano. Karatasi tupu, kalamu, lichore bila ya kutizama, ukikwama tizama, lichane, chora tena kesho. Halafu mchoree mwenzako huku unamuelezea mtu akianguka na akaumia sehemu hii mkono utalegea vipi. Ukiweza kumuelezea mtu ambae hajui akajua, bas hilo ni lako.

Kuhusu vikundi vya kusoma sina mengi. Watu wanne watano wanatosha, mkizidi inakuwa baraza. Kila mtu aje na masuali yake, siyo na daftari la kunakili, na simu ziwekwe mbali.

Sasa nende kwenye upande mwengine, ambao wazazi pia naomba munisikilize.

Udaktari unachosha. Siyo kwamba ni mgumu kuuelewa, kila kitu kimoja kimoja unaweza kukielewa, ila ni vingi na havisubiri, na huku maisha yako mengine hayajasimama. Wasichana hapa wanajua nnachosema, unatoka wodini jioni, unarudi nyumbani na chakula cha usiku kinakusubiri wewe, na wikiendi kuna harusi na usipokwenda utasemwa. Wale wa Pemba mnakaa vyumba vya kupanga, bumu likichelewa mnajua wenyewe. Ramadhani inakuja na mitihani inakuja nayo, unaamka daku, unasali alfajiri, na kichwa hichi hichi kinatakiwa kikumbuke mzunguko wa Krebs. Na toka siku ya mwanzo mtaani wanakwita dokta. Hujaweka hata mkono kwenye mwili wa mgonjwa, jirani kashakuja na karatasi ya vipimo umsomee. Jina lile linapendeza na linawapa wazazi furaha, lakini siku umepata sapu unaona huwezi kutoka nje, kwa sababu dokta gani anafeli fiziolojia.

Nawaambia wazi, sapu zinapatikana. Wapo wanaorudia mwaka na wakawa madaktari wazuri sana, na wagonjwa wanawaomba kwa majina. Mzazi, mtoto akikwambia nimefeli pepa moja, usimwambie umetuaibisha. Muulize kala nini.

Mwaka 2016 kulichapishwa kazi iliyokusanya tafiti nyingi za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi mbalimbali duniani, wakakuta takriban asilimia 27 wana dalili za sonona, na kati ya waliogundulika na dalili hizo waliokwenda kutafuta matibabu walikuwa karibu asilimia 16 tu. Yaani wanafunzi wanaosomea kutibu watu, wengi wao hawakwenda kutibiwa. Kwetu mzigo ni mzito zaidi kwa sababu mtu akisikia matibabu ya akili jambo la mwanzo linalomjia ni Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, na jina hilo tumelifanya tusi la mtaani toka tuko wadogo. Naomba sisi tunaosoma humu tuwe wa mwanzo kuacha. Ile ni hospitali, wanafanya kazi wenzetu pale, na wanaotoka pale wakiwa wazima ni wengi. Ukikosa usingizi wiki kwa wiki, ukawa huna hamu ya chakula wala ya watu, ukawa unasali na huku hujui umesoma nini, ukaanza kufikiria kwamba bora usingekuwepo, hilo siyo upungufu wa imani na wala siyo uvivu, ni maradhi na yana dawa. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, mwalimu unaemuamini, daktari, mama yako, mimi.

Na hapa ndipo notsi zinaporudi, mana nlisema ni jambo moja tu. Mtu anaeficha notsi anasoma peke yake, na anaesoma peke yake hapana anaejua kama leo hakuamka. Lakini kikundi kile cha watu wanne, ambacho kila mmoja ana sura yake ya kitabu ya kuwaandikia wenzake masuali, siku mmoja hakuleta wanajua. Wanampigia. Akisema naumwa na kichwa wanakwenda chumbani kwake na uji. Wenzangu wawili watatu nawajua walishikwa hivo hivo, siyo kwa sababu walisema, ni kwa sababu masuali ya renali, ya mafigo, hayakuja na mtu akauliza yuko wapi. Nani angejua kama kila mmoja angekuwa na daftari lake chini ya mto?

Laleni. Nalisema haraka lakini msilichukulie haraka. Ubongo unapolala ndo unapangilia yale uliyoyasoma mchana, kwa hiyo anaekesha usiku kucha kabla ya mtihani anayatupa aliyoyakusanya. Ukisali isha ukasoma kidogo ukalala, ukaamka kabla ya alfajiri kichwa kimetulia, saa moja ile ni nzito kuliko saa nne za usiku wa manane.

Na jengine, siku ya kwanza mtakapoingia chumba cha anatomia. Harufu ya formalini itakupandeni puani na itakaa kwenye nguo. Wengine watatoka nje, watoke, hakuna anaewacheka. Yule aliyelala pale alikuwa na watu wake. Muombeeni, msipige picha, msifanye mzaha, na mkimaliza mfunikeni vizuri. Na siku atakapokufa mgonjwa ambae jana ulimuuliza historia yake na akakwambia habari za wajukuu, usijifanye ngangari. Keti na wenzako mzungumze, muulize daktari mkubwa kilichotokea ni nini, kitu gani kingeweza kufanyika na kipi kisingewezekana. Kisha kaandike ulichojifunza bila ya jina lake wala kitu chochote cha kumtambulisha, wape wenzako. Na hilo ni katika notsi.

Mnaijua hadithi ya yale matatu ambayo hayakatiki mtu akishakufa, na moja wapo ni elimu yenye kunufaisha. Mie nnapoandika kadi na kumpa mtu wa mwaka wa pili ambae hata jina simjui, hilo huwa nalitia niya kabisa.

Kwa hiyo leo hamtoki mikono mitupu. Notsi zetu za mwaka wa kwanza, anatomia, fiziolojia, baiokemia, zote ziko kwenye flashi tatu, ziko pale mezani kwa kaka aliyevaa koti jeupe, njooni na laptopu ama simu mzichukue. Asiekuwa na chochote aandike jina, tutamtolea kopi za karatasi, tushachangishana pesa za kopi kwa hiyo halipi. Ukurasa wa mwanzo wa kila faili umeandikwa mwaka zilipotizamwa mara ya mwisho, na kuna nafasi tupu chini ya kuandika makosa mtakayoyaona, yaandikeni, mturudishie kabla ya mitihani ya semista. Msomaji mmoja wa histolojia, elimu ya tishu za mwili, bado tunamtafuta, zile picha za hadubini kuna tatu hatujaridhika nazo.

Na kila Alkhamisi baada ya magharibi watu wa mwaka wa tatu na wa nne wanakaa darasa lile la mwisho kwa ajili yenu, mje na suali hata kama mnaliona la kitoto.

Haya, nani ana suali? Dada pale nyuma, wa buibui la bluu, sema kwa sauti, feni hizi zinapiga kelele.